Mashine Iliyokataa Hodi Siku ya Jumanne

Nimestaafu, sijafa, kwa hiyo bado watu wananiletea kompyuta. Juzi alikuja kijana mmoja wa hapa Tanambao, na kabla hata ya kuketi akaniambia kwamba ameifuta laptop yake na kuipanga upya mara mbili, na bado hawezi kuingia kwenye mashine ya kazini akiwa nyumbani. Nikamwuliza hiyo mashine ya kazini ina kadi ngapi za mtandao. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza ina meno mangapi. Nikamwambia akae kwanza anywe chai, maana safari yetu ilikuwa bado mbichi.

Alipoondoka ndipo nikawakumbuka nyinyi, wajukuu wa dada yangu mlioko Mombasa, mnaosomea mambo haya na kuniuliza kila sikukuu kama ni kweli bibi yenu alikuwa fundi. Ni kweli. Mimi Anziza nilizaliwa Mahabibo, hapa Mahajanga, kwa wazazi wenye asili ya Ngazija, nikalelewa Mombasa na shangazi yangu hadi nilipomaliza shule, nikarudi mwishoni mwa miaka ya sabini. Hapa Kiswahili hakisemwi. Watu husema Kimalagasi na Kifaransa, na majumbani mwetu Kingazija kidogo, kwa hiyo maneno yote nitakayowasimulia yalisemwa kwa lugha hizo, nami nayageuza. Kiswahili changu kimekaa muda mrefu kabatini. Mkikuta kina harufu ya nondo, kianikeni juani msome.

Kazi yangu yote, tangu ujana hadi pensheni, ilikuwa moja: kuifanya mashine iliyo mbali imsikie mtu aliye karibu. Nilianza na teleksi kwa wakala mmoja wa meli karibu na bandari. Aliyenifundisha ni mzee Tombo, mtu mfupi, mwenye vidole vyeusi kwa wino, asiyependa kusemeshwa kabla ya saa tatu. Teleksi ilikuwa na kitufe cha kumwuliza mwenzako "wewe ni nani," na mashine ya upande wa pili ilijibu yenyewe kwa jina lake hata kama chumba hakina mtu. Tombo hakuniruhusu kutuma neno kabla ya kubonyeza kitufe hicho. Mwenzetu mmoja alikipuuza siku moja, akatuma habari za shehena nzima ya saruji kwa hoteli moja ya Antananarivo. Hoteli ikajibu kwa adabu kwamba vyumba vimejaa.

Jambo la pili alilonifundisha Tombo ni kumwuliza mtu aliyekaa na mashine. Lakini alikuwa na namna yake ya kuuliza. Hakuuliza "unadhani imeharibika nini?" wala "umeigusa?" Alisema ukimwuliza mtu kama ameigusa, atasema hapana, hata kama bisibisi iko mkononi. Aliuliza tu unaona nini, unasikia nini, asubuhi ulipofika ulianza na nini. Mimi nilidhani ni uzee. Nilikuja kuelewa baadaye sana, teleksi zikiwa zimekwisha kuuzwa kwa kilo, na Tombo mwenyewe yuko kaburini.

Miaka hiyo ya baadaye nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya mazao ya bahari. Ofisi kuu ilikuwa hapa Mahajanga, na ghala la baridi lilikuwa Hell-Ville, mji wa Nosy Be. Ghala lile lilitunzwa na mwanamke aitwaye Zaina, na kisa chenyewe ni chake. Wavuvi wa Nosy Sakatia na wa vijiji vya upande ule walimletea samaki, kaa na pweza. Yeye alipima, na uzito ukaingia wenyewe ndani ya kompyuta kutoka kwenye mizani ya umeme, katika daftari ambalo ofisi kuu peke yake iliweza kulifungua. Asubuhi ya pili yake sisi Mahajanga tuliifungua kompyuta ile kwa mbali, yaani skrini ya Nosy Be ikaja mbele yetu kama ilivyo, tukasoma uzito, tukajua ni barafu kiasi gani na lori la ukubwa gani likasubiri mzigo kule Ankify, ng'ambo ya maji.

Zaina alikuwa mjane. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mama mzee asiyeona vizuri, na wote walikaa katika vyumba viwili nyuma ya ghala, mali ya kampuni. Baba yake alikuwa mpimaji wa ghala hilohilo tangu enzi za mizani ya mawe. Kwa hiyo kazi ile ilikuwa chakula, na ilikuwa paa pia. Ukiondolewa kazini, unaondoka na godoro lako.

Na ilionekana ataondolewa. Kila Jumanne asubuhi kompyuta ya Nosy Be ilitukataa. Jumatatu inafunguka, Jumatano inafunguka, Jumanne kimya. Mzigo wa Jumatatu ndio ulikuwa mzito kuliko wote, nasi tukawa tunapeleka lori kwa kubahatisha. Mara lori dogo, samaki wakabaki juani. Mara lori kubwa, tukasafirisha hewa.

Mkurugenzi wetu, Bwana Justin, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, basi. Alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba kule kaskazini Jumanne ni siku ya mwiko kwa koo nyingi. Hawavui siku hiyo, hawalimi, na babu zao hawakuvua wala kulima. Akajumlisha mbili na mbili. Akasema mwanamke huyu anazima mashine kwa sababu ya mwiko wake, na akiulizwa anakana. Kweli aliulizwa mara nyingi. "Zaina, umezima kompyuta?" Naye alijibu neno lilelile kila mara kwamba hajazima, iko mbele yake, anasoma barua pepe sasa hivi. Bwana Justin akawa anacheka kwa pua na kusema bila shaka, ameiwasha simu ilipolia.

Akatangaza kwamba mwezi ukiisha Zaina aondoke, apelekwe mtu kutoka Mahajanga.

Mimi Zaina nilimjua kwa sauti tu. Lakini nimesikiliza sauti za watu kwenye waya tangu usichana, na mtu anayedanganya kuhusu mashine huwa na haraka ya kueleza. Zaina hakueleza chochote. Alijibu alichoulizwa, akanyamaza. Nikamwomba Bwana Justin anipe Jumanne moja kabla mwezi haujaisha. Alinipa, kwa sharti kwamba nisimletee hadithi.

Hapa niwape kidogo ya ufundi, maana najua wengine wenu mmeanza kupiga miayo. Mashine ya mbali ikikukataa, usirukie mbali. Anza na yako. Wakati mmoja nilikaa nyumbani Mahabibo nikijaribu kuingia mashine ya Nosy Be, na kila nikiita, anajibu mwingine. Laptop yangu ilikuwa na waya wa kuniunganisha na ofisi ubavuni na pia imeshika mtandao wa hewani wa jirani, na mtandao wa jirani ulikuwa na namba zilezile za Nosy Be, moja baada ya moja. Nilikuwa nikibisha Hell-Ville, anafungua mtengeneza keki wa nyumba ya pili. Niliipelekea printa yake kurasa kadhaa za uzito wa pweza kabla sijagundua, na mkewe akaja kuniuliza kwa upole kama naanza biashara. Basi kwanza zima usilolihitaji upande wako, ubaki na njia moja, ndipo umlaumu mwenzako.

Pili, mashine yenye kadi mbili za mtandao ni nyumba yenye milango miwili, na kila mlango una namba yake. Usiseme "mashine haijibu." Sema mlango gani haujibu. Jaribu ping, ule mwito mfupi wa kuuliza "upo?", kwa namba hii, halafu kwa namba ile. Mmoja ukijibu na mwingine usijibu, mwenye nyumba yuko macho.

Tatu, usirekebishe ukiwa mbali mlango uleule ulioingilia. Mwenzangu Ndriana, kijana hodari tuliyefanya naye kazi meza moja, aliingia siku moja kwenye mashine ya Nosy Be, akaona kadi moja inamchanganya, akaizima. Ndiyo aliyokuwa amepitia. Skrini ikaganda, naye akaganda. Alipanda gari la abiria kutoka hapa, akapita Antsohihy, Ambanja, akavuka kwa boti kutoka Ankify, akafika na mgongo uliopinda, akabonyeza mara moja, akapanda tena gari kurudi. Tangu siku hiyo tulimwita Kata-Tawi, kwa yule aliyelikata tawi alilokalia, naye alilikubali jina.

Jumanne niliyopewa ilipofika, Ndriana alijaribu kama kawaida, ikakataa kama kawaida. Mimi nikampigia Zaina. Sikumwuliza kama amezima.

"Upande wa kulia chini, karibu na saa," nikamwambia, "unaona nini?"

Akatazama. "Naona picha za kompyuta ndogo mbili, Madamu. Moja ina alama nyekundu."

"Siku nyingine huwa nayo?"

"Siku nyingine sijatazama."

Jibu zuri hilo. Angesema ndiyo au hapana ningemwogopa. Nikatafuta namba ya kadi ya kwanza, ambayo hakuna aliyekuwa akiiita kutoka Mahajanga, nikaipigia ping. Ikajibu palepale. Mashine ilikuwa hai, macho, imekaa na Zaina wake, nasi tulikuwa tumesema kwa miezi kwamba imezimwa. Tulikuwa tukibisha mlango mmoja tu, huohuo wa kadi ya pili, kwa sababu fundi aliyefunga mizani alituachia namba hiyo na hakuna aliyeuliza.

Nikaenda kwa Bwana Justin kwa furaha kidogo. Nikamwambia mashine haijazimwa, inanijibu.

"Inakujibu wewe, haimjibu Ndriana," akasema. "Mashine ina upendeleo?"

"Ina kadi mbili. Moja imelala, sijui nani kailaza."

"Nani mwingine yuko pale, Madamu Anziza? Mimi sihitaji inijibu. Nahitaji uzito wa Jumatatu."

Na alikuwa na haki, maana uzito sikuwa nao. Nilijaribu kuingia kwa namba ya kadi ya kwanza, nikakataliwa. Mlango ulikuwepo lakini ndani hapakuwa na mtu wa kuufungua. Ningeweza kusubiri Jumatano, niingie, nigeuze mambo kutoka mbali. Lakini kuingia kwenyewe kungekuwa kwa kadi ile ile ya pili, na nikikosea tungebaki nje sote, na lawama ingeangukia pale ilipozoea kuangukia. Tena sikujua kinachoilaza kadi ile. Ukirekebisha usichokijua, umekificha tu. Nikaomba nauli.

Nilifika Hell-Ville Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwezi, miguu imevimba, nikashukia kwa binamu yangu karibu na soko. Mchana nikaenda ghalani. Zaina alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga salovana hadi kifuani, mikono imekauka kwa barafu. Alinipokea kama mgeni wa msibani: maji, kiti, maneno machache. Akaniita zoky, dada mkubwa, nami nikamwita zandry, mdogo wangu, ndivyo ilivyo adabu ya huko hata kwa mtu usiyemjua. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Niliona machoni pake kwamba haamini habari hiyo hata kidogo.

Nilitazama kila kitu. Sanduku la redio linalotuletea njia kutoka Mahajanga liliingia kadi ya kwanza, vizuri kabisa, na hata mwito wetu wa kadi ya pili ulipitia humohumo. Kadi ya pili ilitoka kwa waya wa buluu uliopita juu ya mlango hadi chumba cha mizani, ukachomekwa kwenye kisanduku kidogo cha kugawa mtandao kilichopigiliwa ukutani kwa misumari. Kadi zote mbili, na kisanduku pia, zilikuwa na taa za kijani. Mashine ilikuwa safi, haikuwa hata na mjusi ndani, na mimi nimetoa mijusi mingi kwenye kompyuta za pwani hii. Nikaamuru netstat, inayoonyesha mashine inasikiliza wapi, nikaona kwamba huduma ya skrini ya mbali ilikuwa imefungiwa kadi ya pili peke yake. Fundi wa mizani ndiye aliyeipanga hivyo. Sikumwona maishani mwangu, namwombea afya njema, mbali na mimi.

Kwa hiyo nusu ya jibu nilikuwa nayo. Nusu nyingine ilikuwa Jumanne.

Asubuhi yake niliwahi. Zaina alifungua ofisi, akasema Bismillahi, kompyuta ilikuwa inawaka kama tulivyoiacha. Akasoma barua pepe. Halafu akafungua kabati, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akaelekea chumba cha mizani. Nikamfuata. Sikusema kitu. Tombo angejivunia.

Akaifuta mizani kwa kiganja, akaifunika kile kitambaa, akavuta pembe zake zilingane. Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye swichi kubwa ya umeme iliyo kando ya mlango, akaishusha. Taa ya chumba ikazimika. Taa za kijani za kile kisanduku cha ukutani zikazimika nazo.

Nilirudi ofisini mbio, kwa umri ule na miguu ile. Kule chini karibu na saa alama nyekundu ilikuwa imekwisha kuja.

Ilikuwa hivyo tu. Mfumo wa mashine zile ulikuwa na tabia yake: kadi ikikosa uhai upande wa pili wa waya, inalazwa, na namba yake inalazwa nayo. Kisanduku cha ukutani kikikosa umeme, kadi ya pili inalala. Kadi ya pili ikilala, namba tunayoiita kutoka Mahajanga haipo tena duniani hadi Jumatano. Lakini barua pepe zinaendelea kwa kadi ya kwanza, skrini inawaka, na mtu aliyekaa mbele yake anaapa, kwa haki, kwamba hajazima kitu.

Zaina alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Hii mizani unaizima kila Jumanne?" nikamwuliza.

"Kila Jumanne. Boti haziji. Baba alikuwa anaifunika tangu ile ya mawe. Alisema siku ya mwiko mizani ipumzike, mtu asije akajaribiwa kuuza. Ilipokuja hii ya umeme, kuifunika tu niliona haitoshi, nayo inawaka chini ya kitambaa."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza habari za mizani, zoky. Waliniuliza kompyuta." Akaitazama ile alama nyekundu. Halafu uso wake ukabadilika, kwa sababu hakuwa mjinga, alikuwa amenifuata mawazo hatua kwa hatua. "Basi ni mimi."

Nikasema si yeye. Hakunisikia.

"Nitaiacha inawaka," akasema. "Kuanzia leo. Baba atanisamehe. Wewe waambie tu nitaiacha inawaka, wasinitoe." Na akageuka kwenda kuipandisha swichi.

Nilimshika mkono. Sina mwiko wa Jumanne mimi, na kwetu tulifunzwa kwamba siku zote ni za Mungu. Lakini niliona vibaya, niliona vibaya sana, mtu amwombe marehemu babake msamaha kwa sababu fundi fulani alifungia huduma kwenye kadi isiyostahili. Nikamwambia akae. Nikakaa mimi mbele ya mashine, nikafungua mipangilio ya skrini ya mbali, pale palipoonyesha kadi moja nikachagua kadi zote. Nikaanzisha huduma upya. Nikatazama netstat: sasa inasikiliza kote. Kazi ya dakika chache, ambayo haikuwezekana kabla mtu hajatazama kitambaa kikikunjuliwa.

Nikampigia Ndriana. "Kata-Tawi, ita namba ya kadi ya kwanza."

"Leo Jumanne," akasema.

"Najua ni siku gani. Ita."

Kadi ya pili ilikuwa bado na alama yake nyekundu. Mizani ilikuwa gizani chini ya kitambaa. Skrini ya Zaina ikajifunga, ndivyo inavyofanya mtu wa mbali anapoingia, na Ndriana akasema polepole kwenye simu, "Naiona. Naona uzito wa jana wote." Akaniambia kaa wa Sakatia wamekuja wengi. Kisha simu ikanyang'anywa, nikasikia pumzi za Bwana Justin.

"Ilikuwa nini?"

Hapo, wanangu, nilikuwa na njia mbili pia. Ningeweza kusema ilikuwa kadi, nikaishia hapo, na ingekuwa kweli kiasi. Lakini kweli ya nusu hugeuka. Baadaye angesikia habari za swichi kutoka kwa mwingine, na angesema Anziza aliificha kwa sababu palikuwa na la kuficha. Nikamwambia yote: kitambaa, mizani, swichi ya umeme, kisanduku, kadi.

"Kwa hiyo alizima," akasema.

Damu ilinipanda. "Alizima mizani, Bwana Justin, siku ambayo hakuna cha kupima. Ulimwuliza kompyuta, akakujibu kompyuta. Miezi yote hii alikuwa anasema kweli, na sisi wenye mitambo ndio tuliokuwa tunabisha mlango mbovu. Mimi nimo, Ndriana yumo. Hakuna aliyewahi kujaribu namba nyingine."

"Basi aache kuizima."

"Haina haja. Imezimwa sasa hivi, na wewe unasoma uzito. Unataka nini zaidi?"

Nilisikia kiti chake kikilia. Nadhani alikuwa anasogea kuangalia skrini ya Ndriana kwa macho yake.

"Mwambie abaki," akasema.

"Yuko hapa. Mwambie mwenyewe."

Nikampa Zaina simu. Sikusikia alichoambiwa, kilikuwa kifupi. Bwana Justin hakuwa hodari wa kuomba radhi, na sidhani kama aliomba. Zaina alisema, "Eka, tompoko," ndiyo bwana, basi, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

Mtakutana na mashine zenye kadi tatu na nne, na njia za hewani juu yake, na mtasoma vitabu vinavyoeleza ipi inatangulia na ipi inafuata. Visomeni. Ila mtu akiwaambia hajazima, msimwulize tena swali lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mwulizeni asubuhi yake huanza na nini. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza swali moja miezi mitatu ni ujinga, nami nilikuwa kwenye meza hiyohiyo.

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Zaina alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyetua mzigo akawa hajui aiweke wapi mikono. Kisha akasema, "Zoky, kama huna haraka, nisaidie kitu huku nyuma."

Nikamfuata hadi kwenye vile vyumba viwili. Mama yake alikuwa amekaa kwenye sakafu tupu, ameegemea ukuta, akageuza uso kusikiliza ni nani. Kuta zilikuwa nyeupe na misumari mitupu. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba, sufuria zimo ndani ya gunia, nguo za shule za watoto zimefungwa juu kabisa ili zipatikane upesi. Siku mbili zile tulizofanya kazi pamoja hakuniambia. Alikuwa amekwisha kuhama, alikuwa anangoja tu aambiwe atoke.

"Hatuondoki, mama," akamwambia mama yake. "Tunabaki."

Tukapiga magoti, mimi upande huu wa godoro na yeye upande ule, tukaanza kufungua. Alikuwa amekaza mafundo kwa nguvu zake zote, vidole havikuyaweza. Tulitumia meno.